Koko Hawezi Kulala kwa Mkwe Wake

Kambini Dzaleka, Jumatatu

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo, wewe na Papa. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hii? Sisi huku tunaamka, Mungu anasaidia. Barua nampa dada Elodie, anakuja huko kwenu Kawale kununua vitambaa. Ningepiga simu, lakini mama yako Koko anasikia kila kitu, na mambo haya naona haya kuyasema.

Tangu nimalize shule niko na Koko kutwa. Miguu yake imekataa kabisa. Namwogesha, namgeuza, nafua mashuka mara mbili kwa siku, na sabuni haifiki mwisho wa wiki. Wenye kabaza wanakataa kumpeleka kliniki, eti ataanguka kwenye baiskeli zao za abiria. Nikimwinua nauma meno kwa maumivu ya mgongo. Yeye ananicheka, ananiita mke mwenza wake, anasema nsima yote ninayokula inaenda bure.

Mama, unakumbuka alivyokuwa akituogesha, mimi na ndugu zangu Cadeau na Patient, katika beseni moja nyuma ya nyumba? Mimi nilikuwa wa mwisho siku zote, maji yamekuwa matope. Wewe ulikuwa ukishona mlangoni na sindano mdomoni, ukitukemea kwa kuguna tu. Nyumba ni ileile, lakini siku zile naiona ilikuwa kubwa. Koko naye anarudi mbali zaidi, mpaka mji wa Baraka tulikotoka. Ananieleza alivyokimbilia nyuma ya jiko siku Papa alipokuja kukuposa, na kwamba tangu siku ile, kwa heshima ya ukwe, anamjua mkwe wake kwa viatu tu.

Ndiyo maana alikukatalia Pasaka ulipomwomba ahamie kwenu. Alisema chumba chenu ni kimoja, na mama mkwe hawezi kulala penye pumzi ya mkwe. Afadhali afie Dzaleka na heshima yake. Mlilia wote wawili.

Sasa Mama, keti. Kuna jambo nilikuficha.

Jumamosi ile Papa alipoleta unga, alisimama barabarani kama kawaida, akasalimu kwa mbali. Mimi nilikuwa namwogesha Koko ndani ya ule uzio wetu wa majani. Mikono iliteleza kwa sabuni, akaanguka, akagonga kichwa, akazimia. Nilipiga kelele. Majirani walikuwa sokoni. Aliyeingia ni Papa. Alivua koti akamfunika, akafumba macho, akamnyanyua, nami nikamwongoza kwa kumshika kiwiko kama kipofu. Hata hivyo alijigonga mlangoni. Aliondoka bila hata kunywa maji, akaniomba nisikuambie.

Koko alipozinduka aliuliza nani alimbeba. Nikasema ni jirani yetu Lwaboshi. Wiki mbili nzima amekuwa akimwombea Lwaboshi baraka na kumwita aje kula, na Lwaboshi wa watu anakuja, anakula, hajui anashukuriwa nini. Kila nikisali niliomba msamaha kwa uongo ule.

Jana baada ya kula nilimwambia ukweli. Aliniacha nimalize kuosha vyombo. Kisha akauliza kama Papa aliangalia. Nikamweleza habari ya macho na ya mlango. Akauliza aligonga nini, paji au pua. Nikasema pua. Mama, alicheka mpaka akakohoa! Halafu akajifuta machozi kwa kitenge, akasema kwamba kwao mkwe aliyemgusa mama mkwe hutoa mbuzi ili haya iondoke kati yao, lakini sisi ni wakimbizi, kuku atatosha. Nikauliza nimwambie Papa amlete lini. Akanijibu, "Asilete huku. Huyo kuku, mi nitamulia kulekule kwake, Kawale."

Basi tafuteni kuku, na pazia la kugawa chumba. Mgongo wangu unawaomba msichelewe.

Koko anawasalimu, na kwa mara ya kwanza amemtaja Papa kwa jina. Msalimie na pua yake.

Ni mimi mtoto wako anayekupenda,
Nadège