Bibi, Nililisimamisha Basi

Bibi yangu wa Korongoni,

Shikamoo. Najua huko uliko hakuna wa kukusomea, na hata ulipokuwa hai ulikuwa unasema karatasi haina sauti. Lakini darasa la nne langu ndilo hili, nalitumia kuzungumza na wewe mtoto anapolala mchana.

Naikumbuka ile siku niliyokuja kukuchukua. Wenzako wote walikuwa wamehamia kijiji kipya cha barabarani, nyumba zimepangwa mistari kama watoto wa shule. Ukabaki wewe tu, ukingoni mwa korongo. Baba mdogo akaja mpaka kwangu Sumbawanga mjini, akaniambia, "Sisi Mama ametushinda. Nenda na mtoto, asubuhi uende, jioni urudi naye. Wewe anakusikia." Nilikubali kwa sababu niliogopa. Baridi ya Ufipa ya mwezi wa sita unaijua. Mtu mzima peke yake, akiteleza na ndoo kule kwenye mawe, nani atajua?

Basi lilikuwa na dirisha moja lililozibwa kwa boksi, na upepo wote ukapita pale pale penye boksi. Mwanangu Oresti nilimfunika blanketi mpaka puani. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Kwenye kitambaa nilikuwa nimefunga unga wa ulezi, maana nilijua kinachokushika ni kaburi la Babu. Tutamnyunyizia unga, nikasema moyoni, tutamuaga vizuri, kisha utapanda basi bila kinyongo.

Ukanipokea kwa maneno yako yale yale. "Mke mwenzangu, umeniletea mume wangu? Mbona ana kipara, mmeshamzeesha huko mjini?" Ukamtoa mgongoni kwangu kabla sijakaa. Nilipofungua kile kitambaa na kukueleza habari za kaburi, ulicheka mpaka ukashika ubavu.

"Babu yako? Alikuwa akifuata asali anapotea wiki nzima, ananiacha na watoto. Leo ndiyo aogope kulala peke yake?"

Ukanishika mkono, ukanipeleka shambani. Pale ndipo nilipoona kosa langu. Ntumba zako zilikuwa zimejaa mteremko wote, yale matuta yetu ya duara, majani yamefukiwa chini, udongo umefunikwa juu, na maharage yameshajaza maganda. Ulikuwa umelima mwenyewe, kwa mgongo ule.

"Bibi, kule watakupa shamba," nikasema.

"Shamba watanipa. Majani yangu yanayooza humu watanipa?" Ukainama, ukachimba kwa vidole, ukaninusisha udongo kama mtu anayenusisha mboga. "Mvua zikianza nitayatawanya haya, nipande ulezi. Nikishavuna, njoo unibebe hata mgongoni. Sasa hivi siendi."

Mimi mtoto wa mkulima nilikuwa nimekuja na unga kwa ajili ya marehemu, wakati wewe ulikuwa unashughulikia chakula cha mwakani.

Halafu ukasema mtoto wa kwetu lazima aonyeshwe korongo angali mdogo, asije akaliogopa ukubwani. Tukakaa juu ya jiwe lile pana. Maji yalikuwa mbali chini, meupe, sauti yake unaisikia kifuani kuliko masikioni. Oresti aliyakodolea macho. Ukaliita jina lake kwa nguvu, na ng'ambo ikaliita vile vile. Akashtuka, akakutazama, akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza cha sauti, Bibi, nawe ndiye uliyekipata.

Jioni ulinisindikiza barabarani na kapu la maharage mabichi. Basi lilipofika ukapanda unishikie mtoto, mimi nikabaki nampa kondakta kapu alipandishe juu. Nilipoingia ulikuwa umeshakaa dirishani, mtoto mapajani. Kondakta akapiga bodi, basi likaondoka.

Ulinitazama tu.

Mama mmoja wa kijiji kipya aliyekaa nyuma yetu akaninong'oneza, "Nyamaza, binti. Ndiyo tumempata. Atazoea." Kondakta naye alikuwa anacheka, "Bibi leo mtu wa mjini!" Mkono wako ulikuwa umeshika mguu wa Oresti, na kwenye kucha bado kulikuwa na udongo. Nilijua nikinyamaza kidogo tu, tutapita kilima, na wewe kwa heshima ya watu hutapiga kelele.

Nikapaza sauti: "Dereva, simamisha! Bibi yangu anashuka!"

Watu wakaguna. Ukanirudishia mtoto taratibu, ukajifunga khanga yako vizuri. Mlangoni ukageuka, ukaniambia, "Ningekuwa mimi, ningekuiba." Ukashuka ukicheka.

Hatukuonana tena. Baridi ile ile niliyoiogopa ndiyo iliyokuchukua. Walikukuta kitandani pako, moto umezimika, maharage umeshayavuna na kuyapeta. Msibani Baba mdogo aliniambia mbele ya watu, "Ungefumba mdomo tu siku ile, Mama Oresti." Alikuwa amempoteza mama yake, ningemwambia nini?

Mvua zilipoanza, nilirudi na mume wangu tukazitawanya ntumba zako na kupanda ulezi. Tumeshavuna, na nusu tumempelekea Baba mdogo. Aliupokea, ila ananisalimia kwa ufupi. Kuna siku nikipika uji nauona ule uso wako dirishani, najiuliza kama ulikuwa unaniomba nikushushe au unaniomba ninyamaze. Sitajua. Najua tu kwamba ulikuwa na kinywa chako na miguu yako, na mimi sikuwa na haki ya kukupakia pamoja na kapu.

Oresti sasa anatembea. Juzi nilimbeba kuvuka njia, akajinyonganyonga, akanisukuma kifuani na kusema, "Chini!" Ndilo neno lake analolipenda siku hizi. Moyo wangu unataka kumkumbatia, maana njia ina mawe. Namshusha, Bibi. Natembea nyuma yake, mikono nimeitanua, lakini namshusha.

Pumzika salama.

Ni mimi mjukuu wako,
Mama Oresti