Bustani za Feza Ukutani

Mujukuu wangu Neema, sisi huku Kibabi tunapumua, na mama yako anakusalimia. Unaniuliza kama watu watakuja kuona picha zako za bustani, siku utakapozitundika huko mjini.

Miaka kidogo kisha ya uhuru, vita ilichoma mashamba yetu. Dada yangu Feza akachukua magunia, akabandika juu maganda ya maharagi, majivu na vitambaa, akafanya nayo picha za bustani zetu zilizoungua, akayatundika kwenye ukuta wa kanisa. Tulikuja wote kuangalia. Mama Riziki, aliyekuwa amezika mume na watoto, alisimama mbele ya gunia moja.

"Hii njo shamba yangu. Hapa tulikuwa tunakaa kula."

Feza akataka kumupa lile gunia aende nalo.

"Hapana, ikae hapa. Kwangu hakuna tena wa kuiangalia na mimi."

Watakuja, mujukuu. Uwawekee viti, wakae waangalie pamoja.

Koko wako