Uzi wa Njano Shingoni

Alhamisi, 7 Septemba 2017

Leo nimefanya jambo la kijinga na nimeshalificha. Naandika upesi kabla sijaanza kujidanganya.

Nirvani alikuja dukani mchana kujaribu blauzi yake ya Diwali. Ni mke wa Sagren, mtoto wa pekee wa Auntie Rooks, mwenye duka. Mwanasheria, ofisi yake Marshalltown, mjini kati, haraka tupu. Alisimama mbele ya kioo simu sikioni, anabishana na mtu juu ya mkataba. Mimi nyuma yake, pini mdomoni. Nikaona uzi umechomoza juu ya shingo ya blauzi. Wa njano, umechakaa, unaning'inia. Fundi gani anaacha uzi unaning'inia? Miaka kumi na tisa nashona, mkono wangu haungoji kichwa. Nikaushika ncha, nikauvuta kidogo, nikakata.

Haukuwa uzi wa blauzi. Ilikuwa kamba iliyozunguka shingo yake! Ncha mbili zikabaki vidoleni mwangu, na mbele kitu kizito kikavuta. Dhahabu. Haikuanguka kwa sababu blauzi ilikuwa inabana.

Ningesema hapo hapo — samahani, nimekata. Maneno mawili. Badala yake nikamwambia asitikisike, kuna mshono umeachia. Nikatunga uzi wa polista wa njano, nikaziunga ncha shingoni mwake huku yeye anaongea na simu. Nikarudisha sindano nyuma mara mbili kabla ya kufunga, kama ninavyofanya siku zote. Dakika tatu. Auntie alikuwa mbele anampimia mteja kitambaa.

Nirvani aliacha blauzi niimalizie, akalipa kwa tabasamu, akaenda. Kazi safi. Ndiyo niliyojisifia, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 8 Septemba

Nimemuuliza Auntie Rooks kwa kuzunguka. Nikasema nimeona mteja mmoja ana kamba ya njano shingoni, ni ya urembo?

Akacheka. Urembo! Akasema ile ni thali. Mwanamume anamfunga mwanamke siku ya harusi, mafundo matatu. Kamba ya pamba imelowekwa manjano, ile ile ya mchuzi, na vipande viwili vya dhahabu. Mwanamke havui. Ikichakaa inafungwa mpya kwanza, ndipo ya zamani inatolewa, shingo isibaki tupu hata dakika moja.

Nikamuuliza, na ikikatwa?

Aliendelea kukata kitambaa. Akasema inakatwa siku moja tu. Yake ilikatwa 2009, jeneza la mumewe likiwa sebuleni. Shangazi wa mume ndiye aliyeshika mkasi. Wakamvunjia bangili, wakamfuta kitone cha paji la uso, na watu wote wa mtaa wamesimama wanatazama. Kwa hiyo ndiyo sababu sikuwahi kuiona kwake, miaka sita yote nikifanya kazi hapa.

Nilikwenda chooni nikakaa. Mkasi wangu ulikuwa mfukoni mwa aproni. Nikautoa, nikauweka juu ya sinki, nikauacha pale mpaka Auntie akauliza uko wapi.

Jumapili, 10 Septemba

Kanisani leo mke wa pasta alimwita Mama Jeanne pembeni. Pete yake iko wapi? Jeanne akasema imepotelea kwenye sabuni, akifua nguo za watu. Mke wa pasta akasema mwanamke wa Mungu hatembei na kidole kitupu, watu watafikiri nini.

Mimi nilitikisa kichwa kukubali. Kwa nini nilitikisa? Jacques wangu alikuwa amekaa karibu, kidole chake kitupu kama siku aliyozaliwa. Pete yake iko kwenye kopo langu la vifungo tangu binti yetu Arlène yuko mdogo. Inabana, anasema. Hakuna aliyewahi kumwita pembeni.

Arlène aliliona. Ana miaka kumi na tatu, haachi kitu kipite. Njiani akauliza kwa Kiingereza chake mbona Papa haulizwi. Nikamwambia afunge mdomo. Nikajisikia vibaya, maana swali hilo nimelisikia mahali pengine. Mwaka jana Nirvani alimuuliza Auntie dukani, mbele yangu: mimi navaa kamba, Sagren anavaa nini? Auntie alikasirika wiki nzima. Tangu hapo Nirvani anaificha ndani ya blauzi akienda ofisini. Na mimi ndiye niliyeipata huko ilikofichwa!

Alhamisi, 21 Septemba

Sagren amegongwa. Jana jioni, kwenye robot, taa za barabarani. Lori halikusimama. Yuko hospitali, mguu umevunjika mara mbili na mbavu. Auntie alipiga simu saa mbili asubuhi, akasema nifungue duka mwenyewe. Sauti kama ya mtoto.

Siamini mambo hayo. Kamba haiendeshi lori. Nimelisema hilo kwa sauti, peke yangu, katikati ya vitambaa. Halafu nimelirudia. Mtu asiyeamini hasemi mara mbili.

Mwezi wao wa kutokula nyama umeanza na mimi nimekatazwa kula ndagala, dagaa wa kwetu, dukani. Nimekula mkate mkavu. Sikustahili hata huo.

Ijumaa, 29 Septemba

Imejulikana.

Jioni Auntie alirudi dukani kufunga, macho mekundu. Leo alikwenda kwa Nirvani wamwombee Sagren. Ijumaa wao hupaka manjano kwenye thali. Nirvani alikuwa amekaa chini, amechoka na hospitali, Auntie akaipaka yeye mwenyewe. Kamba ikanywa rangi. Sehemu moja ya nyuma haikunywa. Ilibaki njano ya limau, inang'aa.

Pamba hunywa rangi. Polista hainywi. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua hilo. Ningechukua uzi wa pamba! Hilo ndilo wazo lililonijia, Auntie akiwa analia mbele yangu. Si kwamba ningesema ukweli. Kwamba ningechukua uzi wa pamba.

Jumamosi, 30 Septemba

Wamegombana dukani, mlango umefungwa, mimi napiga pasi. Hawakunitoa. Wamenizoea kama meza.

Auntie alimshutumu Nirvani kwamba alikuwa anaitaka siku hii. Kwanza maswali, halafu kuificha, halafu mkasi. Eti Nirvani akaikata mwenyewe, akaiunga ili asijulikane, na sasa mwanawe amelala na vyuma mguuni. Nirvani alisikiliza yote. Kisha akasema:

"Ma, aliyemgonga ni lori. Na kama kamba inalinda mtu, kwa nini yeye hana ya kunilinda mimi?"

Auntie akasema afadhali Nirvani angemkata yeye Auntie shingo kuliko kukata ile.

Nirvani hakusema kwamba hakukata. Nilingoja aseme. Alinitazama mara moja, akachukua mkoba wake, akatoka. Nilipoinua pasi kitambaa kilikuwa kimeungua, alama nzima ya pasi. Auntie hakunigombeza. Akasema sote tuna huzuni, Celly, si kosa lako.

Si kosa lako! Nimeyasikia maneno hayo mpaka nyumbani.

Jumatano, 4 Oktoba

Nimemwambia Jacques. Nilidhani nikimwambia mtu mmoja kifua kitafunguka. Alikuwa anavaa sare yake ya ulinzi, anafunga viatu. Alisikiliza, akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka.

"Weye nyamaza tu," akasema. "Mambo ya kamba ya Wahindi haikuangalie, haikuhusu. Ukisema, kazi imeisha. Na barua ya kazi ya kupeleka kwenye permit, nani atatuandikia?"

Nikamwambia kuna mwanamke anaitwa muuaji wa mume wake kwa ajili yangu.

"Mume hajakufa," akasema. "Na ule ni avocat. Anajua kujitetea."

Anasema kweli kuhusu barua. Auntie ndiye anayeniandikia kila mwaka, kwa mkono wake, maneno mazuri kuliko mimi mwenyewe. Mwaminifu. Ameandika mwaminifu miaka sita! Kwa hiyo sijui kama nimenyamaza kwa ajili ya barua au kwa ajili ya lile neno moja ndani yake. Naona haya hata kuliandika.

Kwetu Uvira walisema mficha uchi hazai. Bibi alikuwa anatuambia tukikataa kumwonyesha kidonda. Mimi kidonda changu nimekivalisha blauzi.

Jumamosi, 7 Oktoba

Sagren ametoka hospitali. Jana alimfunga Nirvani kamba mpya, amekaa kwenye kiti, mguu juu ya stuli. Auntie amesimulia. Mafundo yalichukua muda. Alipomaliza akamwomba mkewe msamaha. Msamaha wa nini? Auntie hakuelewa, na hakupenda.

Nimefurahi. Nikafikiri, basi, imekwisha. Ya zamani hutupwa mtoni. Mto utaibeba pamoja na mshono wangu. Nimeimba nikishona, kwa mara ya kwanza mwezi huu. Aibu haina hata adabu — ikipewa nafasi kidogo inaimba.

Jumanne, 10 Oktoba

Haikutupwa mtoni. Auntie anayo. Leo ameitoa kwenye pochi, ndani ya kifuko cha plastiki.

Amesema ameshafikiri. Nirvani hajui kushona hata kifungo, blauzi zake zote zinakuja kwangu. Basi kuna mtu alimsaidia. Nani? Mama yake! Mama yake Nirvani anashona mapazia. Kwa hiyo mama na binti walikaa wakapanga. Jumapili ataziita familia zote mbili, aiweke kamba mezani, aulize mbele ya watu. Sagren amekataa. Auntie amesema Sagren ni mgonjwa, hajui lolote.

Nikasema labda Auntie aache, mguu unapona. Akasema 2009 alisimama mbele ya watu shingo imekatwa na hakuna aliyemwonea huruma, kwa nini huyu afichiwe? Nilikuwa sijawahi kumwona na uso ule. Nikajua si Nirvani peke yake anayemkasirikia.

Halafu akasema kesho nije na miwani yangu. Mimi ni fundi. Nitazame mshono, nimwambie ni mkono wa nani. Nirvani atakuja pia saa nne, blauzi bado haijaisha.

"Wewe hutanidanganya, Celly," akasema.

Jumatano, 11 Oktoba

Saa nne na nusu. Naandika chumba cha nyuma, penye taa kali. Auntie amenituma huku na kifuko. Wako mbele, yeye na Nirvani, hawasemezani. Namsikia Auntie anakunja vitambaa vilivyokwisha kukunjwa.

Kamba iko mapajani mwangu. Nyepesi, bila dhahabu zake. Mshono ni wangu, mtu yeyote angeona. Mishono saba, sindano imerudi nyuma mara mbili. Mama mdogo alinifundisha hivyo Uvira, nikiwa na miaka kumi na moja. Pembeni yangu ipo blauzi yenyewe ya Diwali na pindo lake lina mkono ule ule. Auntie angeziweka pamoja angejua. Hataziweka. Ameniamini.

Mkasi ninao. Nikifumua hakuna mkono wa mtu tena, ni ncha mbili tu. Naweza kusema umeachia nilipoushika, ulikuwa dhaifu. Nimeshaingiza ncha ya mkasi chini ya mshono wa kwanza. Nimeukata huo mmoja. Ndiyo, nimeukata. Nimebakiza sita.

Nirvani ameingia.

Amesema amekuja kuchukua blauzi. Ameona mkasi, ameona kamba. Amefunga mlango nyuma yake, taratibu. Hakushangaa hata kidogo. Mimi ndiye niliyeshangaa.

"Nilijua siku ile ile," amesema. "Nilisikia ubaridi wa mkasi shingoni."

Nimemuuliza kwa nini hakusema. Amekaa juu ya marobota ya kitambaa kabla ya kunijibu. Amesema ilipokatika alijisikia mwepesi, sekunde moja tu, simu ikiwa sikioni. Akaona haya. Halafu Sagren akagongwa, na alipoulizwa kama ni yeye aliyekata hakuweza kusema si yeye, kwa ajili ya ile sekunde. Anampenda Sagren. Alilisema hilo mara mbili.

Kisha akaniuliza: "Na wewe, kwa nini hukusema?"

Nilitafuta barua, permit, Jacques, Arlène. Vyote ni kweli. Nikaviacha. Nikasema niliogopa kuonekana fundi mbaya. Ndilo lililokuwa chini kabisa. Nimelisikia mwenyewe kwa mara ya kwanza, na ni dogo hivyo.

Hakunikasirikia. Heri angekasirika. Amesema mama yake ana presha, na Jumapili ni siku nne zijazo.

Nimeokota daftari hili sijui kwa nini. Mikono ilitaka kitu. Ameuliza naandika nini. Nimesema najaribu kupanga nitakavyomwambia Auntie, Kiingereza changu kinanikimbia nikiogopa.

Amesema niandike fupi. Nimeandika: ni mkono wangu.

Auntie anaita. Anauliza, Celly, umeona? Ni mkono wa nani?

Nirvani hainuki. Anatazama mshono, mishono sita. Auntie anaita tena, na sasa nasikia viatu vyake vinakuja