Vidato Ishirini na Sita

Kiponda, Unguja
28 Januari 2024

Mwanangu Radhiya,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe, mumeo na wajukuu zangu. Mimi sijambo, alhamdulillah, kwa kiasi anachoweza kuwa mtu aliyefiwa na mumewe wiki tatu zilizopita na mwenye chuma ndani ya nyonga.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu ipo. Simu hapa si yangu tena. Ukipiga, Biasha anafungua sauti kubwa, kaka yako Turki anasogea, na wote waliokuja kunipa mkono wanasikiliza. Basi nimeamua kuandika, na Biasha ataipiga picha akutumie. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu makusudi. Biasha hawezi kuzisoma, na Turki, pamoja na kuhitimu kwake Kurani, Kiswahili kwa herufi hizi kinamshinda. Wewe peke yako ulikuwa na subira ya kujifunza.

Siku ile unaondoka kurudi Maskat uliniuliza kama naendelea na mazoezi niliyopewa hospitali baada ya kuanguka. Nilikujibu ndiyo. Si kweli. Tangu marehemu baba yako alipozikwa sijanyanyua mguu. Nimekaa eda, mwanangu, na mjane hutulia. Sumaiya, yule binti wa mazoezi ya viungo, amekuja mara mbili, na mara mbili nimemwagiza Biasha aseme nimelala. Nyumba imejaa watu. Anishikishe meza nirushe mguu pembeni mbele ya wake za watu? Biasha ananihudumia vizuri, Mungu amlipe. Beseni la kutawadhia ananiletea kitandani, chakula kitandani, mpaka mswaki.

Sasa jambo lenyewe. Turki amepata nyumba ya chini huko Fumba, karibu na kwake. Anasema eda ikiisha, mwezi wa Mei, atakuja na watu wawili wanibebe kwenye kiti wanishushe ngazi, na hapa nisirudi tena. Hakuniuliza, alinipa habari. Mimi niliingia nyumba hii bibi harusi wa miaka kumi na tisa. Wanaoshushwa ngazi hizi wakiwa wamebebwa ni maiti, na wa mwisho alikuwa baba yako. Sitaki kuwa wa pili mwaka huu.

Nifanyeje?

Mama yako,
Bahiya


Maskat
4 Februari 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, nakubusu mikono. Sisi huku wazima, watoto wanakusalimu. Barua yako nimeisoma nikiwa jikoni na wali umeungua wote.

Nimekasirika, Mama, na nakuomba radhi kwa kukasirika. Nimempigia Sumaiya. Hakukusema vibaya hata kidogo. Aliniambia mfupa wako umeunga vizuri, na kinachokupunguza sasa ni kulala. Umri huu nyama ya paja inaondoka haraka na kurudi kwake ni kwa pole pole. Akanipa mtihani nikupe: ukae kwenye kiti kisicho laini, ukunje mikono kifuani, uinuke bila kujishika popote. Hesabu unaweza mara ngapi.

Mimi siko upande wa Turki. Lakini ukifika Mei hujui hata kusimama, atakuwa amesema kweli, nami nitakosa la kumjibu.

Kuhusu eda mimi si mwanachuoni. Muulize Bi Zuleikha, aliyekusomesha. Ukimwona aibu yeye, basi ujue hukutaka kuuliza.

Mwanao,
Radhiya


Kiponda
20 Februari 2024

Mwanangu Radhiya,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila naumwa kila pahali, na utajua kwa nini.

Bi Zuleikha alikuja Ijumaa. Nikangoja wageni watoke, nikamweleza yote, na Sumaiya, na meza, na mguu. Nilidhani atanikemea. Akasema: "Bahiya, eda unakaa ndani ya nyumba. Nani kakwambia ukae kitako?"

Nimekaa kitako wiki sita kwa ajili ya neno, kwa vile Kiswahili chetu kina kukaa kumoja tu. Akaendelea kuniambia kuwa mjane haachi dawa yake, na kama mguu wangu dawa yake ni kutembea, basi nitembee humu humu ndani mpaka nichoke.

Alipoondoka nikafunga mlango nikajaribu mtihani wako wa kiti. Mikono kifuani. Sikuinuka hata mara moja. Nilijisukuma mpaka jasho likanitoka, na makalio hayakuachana na kiti. Nililia, Radhiya. Sikulia hivyo siku ya maziko.

Sumaiya sasa anakuja baada ya alasiri. Ni binti mwembamba, lakini ana ulimi. Ananiinua visigino nikishika kabati, ananirusha mguu pembeni, ananitembeza ukumbini na mkongojo huku ananiuliza nilikuwa nikipika nini enzi zangu ili nisahau kuogopa. Amesema beseni la kutawadhia lisiingie tena chumbani, niende mwenyewe msalani. Biasha akaona nimemfukuza kazi. Alikaa pembeni ya mlango akilia, akaniuliza, "Mamkubwa, mimi nimekukosea nini?" Ilibidi nimweleze mara tatu kuwa hakukosa kitu, kuwa ni mapenzi yake yanayonimaliza. Ya tatu nadhani imemwingia.

Turki hajui. Usimwambie.

Mama yako,
Bahiya


Maskat
23 Machi 2024

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ramadhani karimu, na funga njema. Sisi wazima.

Sumaiya ameniambia unainuka kwenye kiti mara nane bila kushika! Na kwamba umeshaanza ngazi, vidato vitatu chini na vitatu juu, na umeijua kanuni: kupanda unatanguliza mguu mzima, kushuka unatanguliza mguu mbovu. Nimefurahi mpaka jirani kaniuliza nimepata nini.

Lakini Mama, nimehesabu. Zimebaki wiki saba na ngazi zina vidato ishirini na sita. Kwa mwendo wa vitatu hutafika. Sumaiya anakuja siku tatu kwa wiki na mwezi huu anasema mtachelewa kwa sababu ya funga. Siku asizokuja jaribu mwenyewe, hata kidogo, kila siku ongeza kimoja. Idi ikifika uwe umeshakaribia chini. Nataka Turki akija akukute umesimama mlangoni.

Mwanao,
Radhiya


Maskat
14 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo. Idi imepita na sijapata mkono wa Idi kutoka kwako. Simu yako imezimwa. Biasha hapokei. Turki ananiandikia neno moja, "amepumzika", na mara ya mwisho mtu kuniambia hivyo ilikuwa juu ya Baba.

Kuna nini? Hii naituma kwenye simu ya Biasha; niandikie hata mstari. Andika kwa herufi zozote.

Radhiya


Kiponda
19 Aprili 2024

Mwanangu Radhiya,

Salamu. Niko hai, usiogope. Idi mubarak, ingawa imechelewa.

Nilianguka. Ilikuwa ishirini na saba ya Ramadhani, kabla ya futari. Biasha alikuwa jikoni, Sumaiya hakuwa zamu yake, na mimi nilitaka kufika cha tisa. Nikamsikia mtu anabisha chini, nikafanya haraka, nikatanguliza mguu mzima kushuka. Ule mbovu ukabaki juu peke yake na haukuweza kunishika. Nimekwenda vidato vinne kwa ubavu. Picha imepigwa, mfupa haukuvunjika, chuma kiko mahali pake. Bega limevimba na uso wangu una rangi ambazo hata vikoi havina.

Aliyekuwa anabisha ni Turki, ameleta tende. Yeye ndiye aliyeniokota.

Radhiya, kaka yako si mtu mbaya. Alinilaza kitandani akakaa sakafuni akalia kwa sauti. Akaniambia, "Mama, mwezi wa kwanza nimembeba Baba kwenye ngazi hizi hizi. Huku nyuma unanifanyia nini?" Alipomaliza kulia akawa mkali. Sumaiya amekatazwa kuja. Mkongojo ameuchukua akaufungia garini. Simu amezima nipumzike. Beseni limerudi chumbani. Tarehe kumi na mbili Mei kiti kinakuja, na safari hii sina uso wa kumkatalia.

Mama yako,
Bahiya


Maskat
21 Aprili 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Nimesoma na sikulala.

Ni mimi. Sumaiya alikupa vitatu, mimi nikakupa ishirini na sita. Nilikuwa nakusukuma kutoka ng'ambo, nimekaa kwenye kiti changu, kwa sababu nilitaka kumshinda Turki. Kumbe yeye ndiye aliyebeba, mara mbili, na mimi nilikuwa nahesabu.

Nenda Fumba, Mama. Nyumba ya chini ina hewa. Nitakuja shule zikifunga, tutakaa pamoja. Sitakuambia tena jambo lolote la mazoezi. Nisamehe.

Mwanao,
Radhiya


Kiponda
12 Mei 2024

Mwanangu Radhiya,

Assalaam aleikum. Sijambo, alhamdulillah, na natumai nyote hamjambo. Barua yako ya mwisho sikuijibu kwa wiki tatu kwa sababu iliniudhi. Kwamba Turki aniambie nilale, nimezoea. Wewe nilitarajia uniombe msamaha kisha uniulize bega linaendeleaje.

Linaendelea vizuri. Na nimekusamehe siku ile ile, ila sikutaka ujue mapema.

Nisikilize. Baada ya kukuandikia ile barua ya Aprili nilikaa siku nne nikitazama dari. Siku ya tano Biasha aliingia na beseni, akaliweka mbali, pale penye dirisha, akasimama kando yake. Nikainuka nikalifuata. Mchana alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Sumaiya na kurudi na maneno yake: kuanguka si sababu ya kuacha, ni sababu ya kujifunza kusimama vizuri zaidi, na ngazini nisiwe peke yangu hata nikiitwa na nani. Tangu hapo nikishuka, Biasha yuko kidato kimoja chini yangu. Nikipanda yuko nyuma. Mikono ameifunga mgongoni asije akanishika kabla sijaomba. Tulianza tena na vitatu.

Jana eda imekwisha. Nimekoga, nimevaa rangi. Leo asubuhi Turki amekuja na Mabrouk na Wakil, wale wa duka la chini, na kiti kimefungwa kamba. Mabegi yangu yalikwishatangulia kwenye gari, penye njia pana. Nikamwambia aondoe kiti, kinaziba ngazi. Akafungua mdomo. Nikatanguliza mguu mbovu.

Nimeshuka vyote, mwanangu. Turki alikuwa mbele akirudi nyumanyuma, mikono ameitandaza kama anayemfundisha mtoto kutembea, na mimi nikamwacha, kwa vile uso wake ulikuwa wa mtu aliyeshikwa roho. Chini watu walikuwa wamesimama. Nikatoka mlangoni, nikapita njia yote mpaka kwenye gari kwa miguu yangu. Akanifungulia mlango. Kiti laini, na ile hewa ya baridi ikanipiga usoni. Nitakuambia kweli, nilitaka kukaa. Miguu ilikuwa inatetemeka na nilikuwa nataka kukaa kuliko kitu chochote.

Turki akasema, "Haya Mama, umeshinda. Umeshuka mwenyewe, watu washaona. Ingia twende."

Nikamwambia, "Kushuka hata mzigo unashuka."

Nikageuka.

Kupanda kumenichukua muda ambao sikuupima. Mguu mzima, kisha mbovu. Nilisimama mara tatu. Kwenye cha kumi na saba paja likakataa, na nilijua kama nikisema neno moja nitabebwa, basi nikanyamaza, nikashika ukuta, nikangoja mpaka likakubali. Nyuma yangu nilimsikia Biasha anapumua, na nyuma ya Biasha nilimsikia kaka yako anahesabu kwa sauti ndogo, ishirini na mbili, ishirini na tatu, akadhani simsikii.

Sasa niko juu, ninaandika. Turki ameketi mbele yangu, anahema kuliko mimi. Hajasema habari ya Fumba tena. Amesema tu kuwa ukutani pale kunahitaji chuma cha kushikia, na kwamba kesho atamleta fundi.

Nimemwambia sawa, ila kwanza mabegi yangu bado yako garini. Akayapandishe, kwani miguu anayo.

Mama yako,
Bahiya