Vali ya Tangi la Nne

Jumatatu, 3 Oktoba

Kiwanda kimezimwa kwa matengenezo. Kimya cha ajabu hapa kwenye eneo la viwanda la Point Lisas — unasikia hata ndege! Kazi yangu: kila tangi, bomba na vali inayogusa amonia, nithibitishe kwa maandishi kuwa inafuata viwango vya uhandisi. Bila hivyo watu wa bima hawaruhusu tuwashe. Meneja wetu, Bwana Lezama, kanisimamisha mbele ya watu. Eti Sarika ndiye mwenye ufunguo wa Divali yenu, akimaliza mapema mtakula sikukuu kwa raha. Wakacheka. Navin akacheka kuliko wote. Mume wangu, kiongozi wa zamu. Chumba anachoongozea mitambo kinatazamana na Tangi la Nne. Naanza na hilo.

Alhamisi, 6 Oktoba

Kuna tatizo. Vali ya usalama ya Tangi la Nne. Presha ikizidi, hiyo ndiyo inayotakiwa kufunguka itoe gesi, la sivyo tangi linapasuka. Iliwekwa kiwanda kilipojengwa. Tangu hapo uzalishaji umepandishwa, ukapandishwa tena, na hakuna aliyepiga hesabu upya. Nimepiga. Ni ndogo! Nikarudia, nikiomba niwe nimekosea.

Ndogo.

Jumanne, 11 Oktoba

Lezama alinisikiliza hadi mwisho. Hakubishia hesabu hata moja — hapo ndipo nilipoogopa. Akafunga mlango. Akasema vali kubwa ikiagizwa leo itafika Januari.

"Andika tu kwamba ilifuata viwango vya wakati ule. Huo si uongo."

Nikamwambia kifaa cha zamani kinaruhusiwa, ila lazima tuthibitishe ni salama kwa kazi kinayofanya sasa.

"Miaka thelathini haijapasuka, binti."

"Hata aliyekufa jana, bosi, alikuwa hajawahi kufa."

Hakucheka. Akauliza Navin anaendeleaje. Basi. Navin anaendeleaje.

Jumatano, 12 Oktoba

Habari zimenitangulia kantini. Nipo kwenye foleni ya roti, fundi mmoja wa kuchomelea akapaza sauti: "Injinia! Hiyo vali unaipima au unaiposa?" Kicheko foleni nzima. Mzee nyuma yake hakucheka. Alisema kiwanda cha jirani nacho kilifungwa hivihivi, kwa muda, na leo geti limeota kutu. Alisema bila kunitazama.

Roti nimeilia garini. Nimelia kidogo. Nikasingizia pilipili.

Jumatatu, 17 Oktoba

Leo nimemwomba Lezama jambo moja: tukiwasha, tushushe uzalishaji mpaka vali ije. Amekataa. Meli zinasubiri mzigo.

Nyumbani Navin ananisubiri, keshaambiwa. Ma, mama yake, yuko jikoni anakaanga kurma, vile vijiti vitamu vya unga vya Divali.

"Sasa unataka nini, Sari? Wafunge?"

"Nataka usife."

"Nitakuwa macho. Presha ikipanda naishusha mwenyewe kwa mkono. Mara ngapi nimefanya hivyo?"

Alidhani ananituliza! Nikamwuliza: mara ngapi? Mara ngapi, Navin? Akachukua kurma ya moto, akajiunguza ulimi. Ma akatuambia kama ni kugombana tukagombane mbali na mafuta yake.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nimekataa kutia saini. Kwa mdomo na kwa maandishi. Nilijiandaa kwa kelele. Lezama akasema, "Sawa." Sawa tu! Akanishauri nianze likizo ya Divali leo, nimechoka, inaonekana usoni. Getini mlinzi akaomba kitambulisho changu cha kuingilia, kwa adabu kabisa, huku akiuliza hali ya Ma.

Sijafukuzwa. Wala siwezi kuingia. Sijui hali hii inaitwaje.

Ijumaa, 21 Oktoba

Giselle wa ofisini kapiga simu, ananong'ona. Nyaraka zimeshapelekwa kwa watu wa bima. Zina saini. Nikapandwa na hasira — wameghushi jina langu!

"Si lako, dada. Mtu wa uendeshaji wa mitambo naye anaruhusiwa kuthibitisha. Ni... kaa chini kwanza. Ni Navin."

Nilimkuta anafunga viatu vya kazi. Hakukana.

"Lezama kasema ama saini yangu, ama kazi zetu wote wawili. Nimekutoa katikati, Sari."

Kunitoa!

"Ningekataa angempata mwingine, asiyejua kama vali ni ndogo. Mimi angalau najua. Nitaichunga."

Kinachoniuma ni kwamba hajakosea kabisa. Akanibusu kichwani, akaenda kazini. Nikabaki nimesimama mlangoni kama mgeni.

Jumamosi, 22 Oktoba

Navin katuma ujumbe: wameanza kuwasha, nisimwekee chakula. Ma yuko uani anaosha vijitaa vya udongo vya Divali.

Nimepigia simu ofisi ya serikali ya usalama kazini. Nilitumaini — Mungu anisamehe — kwamba itaita tu, Jumamosi hii. Ikapokewa. Mama mmoja, mpole. Nikamweleza yote: tangi, vali, hesabu, na kwamba wanawasha sasa hivi. Akasema kwa jambo kama hili wanaweza kukisimamisha kiwanda leo hii. Leo hii! Nikakaa sakafuni.

Halafu akauliza nani alithibitisha kuwa ni salama.

Nikasema ni meneja aliyelazimisha. Anaitwa Lezama.

"Huyo tutamfikia, mwanangu. Namuulizia mwenye saini. Sheria inaanza na yeye."

Nikauliza kama ni lazima. Ndiyo, bila jina hawezi kufungua jalada, na bila jalada hakuna gari la wakaguzi litakaloondoka. Kasema nisikate simu, kalamu yake imekauka, anatafuta nyingine. Namsikia anafungua droo. Anafunga. Anafungua nyingine.

Ma anaita kutoka uani: Sarika, unaongea na nani muda wote huo? Ni Navin? Mwambie nimemfichia kurma zake.

Droo imefungwa.

"Haya, nimepata. Nitajie taratibu, herufi moja moja."