Baruti Kwenye Rafu ya Chini

Jumapili, 3 Agosti 2025

Nimeamua. Vichwa vizito, baruti ya taratibu. Basi!

Miezi mitatu nimejaribu aina nne za vichwa vya risasi na aina mbili za baruti, kila jaribio nimeliandika humu humu. Leo matundu matano yamekaa pamoja, kifuniko cha soda kingeyafunika yote. Mita mia tatu! Na upepo huu wa Agosti, bendera zilikuwa zinapigapiga hadi unaona huruma.

Vichwa vyepesi vinatoka mbio, ila upepo ukivigusa tu vinaufuata. Vizito vina uvivu wake, lakini havishawishiki. Na baruti inayowaka taratibu inavisukuma bila kuvishtua. Kazini pale Umbilo natengeneza meno ya bandia, najua habari za haraka. Ukiharakisha, jino linapasuka.

Aliyenikera ni Pierre-Claver. Tunatumia gereji yake kule Queensburgh kujazia risasi: mashine ni yake, mizani ni yangu. Miaka sita sasa. Mwaka huu nafasi ya timu ya jimbo ya kulenga shabaha ni moja tu, na tuliobaki ni mimi na yeye. Mchujo tarehe 30. Leo kaja na tabasamu lake la Bukavu: "Dada Sia, mwisho umechagua kichwa gani?" Nikasema bado natafuta. Mbona anataka kujua? Nina miaka hamsini na mbili. Mwanaume akinitabasamia hivyo, nashika mkoba wangu vizuri.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya Wanawake, sikukuu ya taifa huku, kazi hakuna. Nimeshinda gereji.

Ukutani Pierre-Claver kabandika kanuni yake kwa herufi kubwa: kopo MOJA tu la baruti mezani. Anaisimamia kama polisi. Mkewe, Yvette, akamwita ndani akate mkate wa chai, akaenda.

Nikasogea upande wake. Si wizi, ni macho tu! Nikachukua kipimio chake, kile kichupa kinachokaa juu ya mashine na kudondosha baruti, nikamimina kwenye kikombe changu cha bati niione vizuri. Chembe fupi fupi. Bado anatumia ile ya haraka. Ah, kumbe! Nikasikia kandambili zake, nikarudi mahali pangu na kikombe changu.

Nimejaza risasi sitini. Chai ya Yvette ilikuwa na sukari mno.

Jumapili, 17 Agosti

Sijawahi kuogopa bunduki yangu. Leo nimeiogopa.

Risasi ya kwanza ilinipiga bega teke la punda. Ya pili, komeo likagoma kufunguka, nikalivuta kwa mikono miwili. Kutoa ganda — fataki, kile kidude kitakoni kinachowasha baruti, imelala bapa kabisa. Kila mjazaji anajua maana yake: mgandamizo umezidi mno. Ikizidi zaidi, kinachopasuka ni chemba, pale risasi inapokaa, na chemba iko sentimita chache kutoka jichoni.

Nimeacha hapo hapo. Kapteni wa klabu akauliza kulikoni. Nikamwambia bega linauma.

Pierre-Claver akaja mbio. "Eish, dada Sia, iko nini?" Uso wa huruma. Alijua haraka mno kwamba kuna kitu. Alijuaje?

Jumatano, 20 Agosti

Nimepita gereji baada ya kazi, Yvette kanifungulia. Nimemwaga baruti ya kopo langu kwenye karatasi nyeupe, nikachukua lenzi ya kazini.

Chembe ndefu. Na katikati yake — chembe fupi! Mchanganyiko! Kuna mtu katia baruti ya haraka kwenye kopo langu. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Angeniua. Kwa nafasi ya timu!

Baruti ya mashaka haikai ndani hata siku moja. Inamwagwa kwenye majani, inatawanywa, mvua inamalizia. Hivyo ndivyo tunavyofanya, na aliyenifundisha ni yeye mwenyewe.

Sikuimwaga. Nimeirudisha koponi, nikalipima kwa mizani, nikaandika uzito nyuma ya daftari hili, nikaliweka kwenye rafu ya chini pale pale linapokaa siku zote. Ule ni ushahidi. Na ni mtego pia. Kama ndiye, hataligusa kabisa, maana anajua lina nini. Nitamwona anavyolikwepa, halafu nitamsemesha mbele ya kapteni.

Risasi zilizobaki nimezivunja zote. Yvette kanipakulia muhogo kwenye mfuko, nikaupokea. Nimeutupa kwenye robot, zile taa za barabarani za Umbilo Road, Mungu anisamehe.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimepata kopo jipya la baruti ya taratibu, Pinetown. La mwisho dukani! Muuzaji anasema mzigo mwingine labda Oktoba. Nimefurahi kuliko inavyompasa Mkristo. Nitajazia kwenye mashine ya klabu, sirudi gereji mpaka mchujo upite.

Pierre-Claver kapiga mara mbili. Sijapokea.

Alhamisi, 28 Agosti

Katuma ujumbe wa sauti, dakika moja na nusu. Sijausikiliza. Kesho atatuma mwingine, anataka nitulie, nimwone rafiki. Hajui kwamba ninajua.

Risasi zangu ziko tayari. Arobaini, kila moja nimeipima mara mbili kwa mizani ya klabu. Tuonane Jumamosi.

Jumamosi, 30 Agosti

Naandika nikiwa ofisini kwa klabu. 

Asubuhi nilipita Queensburgh kuchukua mizani yangu. Saa moja kamili. Yvette yuko na kanga, ananishangaa. Mumewe humwita kwa jina la mtoto wao. "Papa Israël ameshaenda, toka saa kumi na mbili. Alisema utakuwa kule." Nikaingia gereji. Kopo liko rafu ya chini. Nikalinyanyua tu, nikajua. Jepesi! Nikaliweka kwenye mizani: karibu nusu imeondoka.

Nilifurahi. Niseme ukweli, sekunde ile nilifurahi. Mwizi huyo! Nikamwuliza Yvette, ukali umenijaa. Yeye kwa upole wake wote: "Si alikuambiaka mu vocal? Alienda maduka yote, poudre ya taratibu iko hakuna. Akasema dada Sia hawezi kukatala, atamurudishia."

Nikausikiliza ujumbe nikiwa nimesimama pale pale. Ameona risasi zangu za tarehe 3 zilivyokaa kwenye upepo, naye amehamia vichwa vizito. "Umenifundisha, dada. Sasa nakopa baruti kidogo ya ile kopo yako ya chini. Kama hapana, uniambie tu, sitagusa." Anacheka mwishoni.

Uniambie tu.

Hapo ndipo akili ilinirudi, na ilirudi vibaya. Kaichukua, kwa hiyo hajui kama ni mbovu. Hajui, kwa hiyo si yeye aliyeichanganya. Basi ni nani? Gereji ile haina mtu wa tatu. Nikatazama meza na kile kikombe cha bati. Siku ya Wanawake niliposikia kandambili, kile kikombe nilikimimina wapi? Kopo langu lilikuwa wazi mbele yangu. Nilimimina humo. Mimi, kwa mkono huu! Nilikuwa naficha nisionekane mpelelezi, halafu nikasahau, au nikakataa kukumbuka.

Nilipiga simu yake mara tisa. Kwenye mstari wa kufyatulia wanazima simu. Simu ya kapteni pia. Nimeendesha gari kama dereva wa taxi, sikumbuki hata robot moja.

Bendera nyekundu ilikuwa juu, ishara kwamba kufyatua kunaanza. Alikuwa amelala kwenye mkeka, namba nne, sanduku la risasi limefunguliwa pembeni. Nilipiga kelele — nilipita kamba — kapteni akapuliza filimbi, wote wakaweka bunduki chini. Alikuwa na risasi ya kwanza kwenye chemba. Ya kwanza! Bado dakika mbili za maandalizi.

Kapteni kavunja risasi yake moja mbele yetu, akamimina baruti kwenye kiganja. Ndefu na fupi. Kila mtu aliona. 

Pierre-Claver alikaa kwenye nyasi. Aligusa macho yake, moja moja, kama anahesabu. Halafu akanishika mikono yote miwili. "Dada Sia, merci. Umeniokoa macho. Israël angekuwa na baba kipofu." Alilia. Mimi nilitazama viatu.

Ameondolewa kwenye mchujo, hana risasi nyingine. Nafasi ni yangu. Kapteni kanishika bega, kasema klabu inahitaji watu kama mimi. Nikampa maelezo nusu: nilisafisha kipimio vibaya, kosa ni langu. Hilo nimelisema, na wote wakanionea huruma, wakasema inamtokea yeyote.

Sasa nimepewa fomu ya taarifa ya ajali. Jina nimejaza. Namba ya leseni nimejaza. Aina ya baruti, uzito wa kichwa, vyote nimejaza kwa mwandiko mzuri. Swali la saba linauliza: Ni tarehe gani ulitambua kwa mara ya kwanza kwamba baruti hiyo si salama?

Nimeandika 3. Kalamu imesimama. Ikifuatwa na 0, ni leo asubuhi, na yamekwisha. Hakuna anayejua ile Jumatano ila daftari hili. Nikilifuta hilo 3 na kuandika 20, wataniuliza kopo lilifanya nini rafuni siku kumi, na mke wa mtu anafagia chini yake.

Kupitia kioo namwona Pierre-Claver. Hajaondoka. Amebeba bunduki yangu, ameifuta vumbi, na anauliza mlangoni kama nimemaliza, maana ni zamu yangu kufyatua na atanisomea upepo.