Mkuyu Katika Chungu cha Kichina

Jumanne, tarehe nane mwezi wa tatu, mwaka wa arobaini na mmoja tangu niondoke.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limepunguza ukorofi. Mimi nipo, nipoje, nitakueleza mbele. Nimefurahi kusikia kwamba chumba changu kimepakwa rangi na kwamba wajukuu umewakataza kukigusa kitanda. Nilicheka pale ulipouliza kama nimeoa mti, na ni mke gani huyo asiyefika hata magotini.

Mke mwenyewe unamjua: ni kile kijiti cha mkuyu wa uani kwetu, alichokikata mama asubuhi ile askari walipokuwa wakinitafuta, akakifunga kwa kitambaa kibichi na kunitia mkononi. Kimekuwa mti mzee mfupi, shina nene, mizizi ya juu imeushika udongo kama vidole. Kila baada ya miaka michache nilikuwa nikiung'oa, napunguza mizizi, naurudisha chunguni na udongo mpya. Matawi niliyaelekeza kwa waya wa shaba, nikiuvua kabla haujauma gome.

Vyungu vya Kichina vilikuja baadaye, kimoja kimoja, kutoka maduka ya vitu vikuukuu. Vingine vina nyufa. Nilichokipenda kuliko vyote ni kile cha buluu, kipana, chenye miguu mifupi na muhuri wa mfinyanzi chini yake, muhuri nisioweza kuusoma. Ndicho nilichokuahidi kuja nacho mwaka huu, mkuyu ukiwa ndani, tuupande kichwani pa kaburi la mama.

Sasa habari yenyewe. Msimu wa joto uliopita nililazwa hospitali, nikakaa huko miezi. Sikukwambia, usinikasirikie. Jirani yangu mshona nguo, mama mwenye mdomo mkubwa na moyo mkubwa zaidi, alijitolea kumwagilia miti. Akaona rafu ninayopangia vyungu inaungua kwa jua, akakiteremsha chungu cha buluu na kukiweka chini, kivulini, kwenye udongo wa ua wa nyuma. Alifanya kwa huruma. Hakujua kwamba mti wa chunguni hauwekwi juu ya ardhi tupu, na mimi sikukumbuka kumwambia.

Niliporudi, mkuyu ulinifika kiunoni. Majani yalikuwa mapana kama viganja, waya umemezwa na gome. Jirani akaniambia kwa fahari: mzee, wewe miaka yote hii ulikuwa unaulaza na njaa, mimi nimeulisha kidogo tu, hebu ona ulivyonawiri. Niliinama kukiinua chungu. Hakikuinuka. Mzizi ulikuwa umepenya tundu la kutolea maji, ukazama ardhini, ukanenepa juu na chini mpaka tundu likaziba.

Mti sasa ulikuwa unaishi kwa mzizi ule. Kuukata, kwa umri wake, sikuthubutu. Jirani alipoelewa alichokifanya alilia, kisha akaenda kuleta nyundo na kuniuliza aanze wapi. Nilimwonyesha, kwa kuwa mikono yangu haina nguvu tena. Chungu kilivunjika kwa pigo la kwanza, tukaifukia mizizi palepale. Kipande chenye muhuri ninacho hapa mezani, kinazuia karatasi hii isipeperuke.

Yapo mambo mawili niliyokuficha. Figo zangu zimekufa. Kila baada ya siku moja naunganishwa na mashine inayonisafisha damu. Nilipomwuliza daktari kuhusu safari, alitaka kujua mashine kama hiyo iko umbali gani kutoka kwetu. Nilimwambia ni mwendo wa siku nzima. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

La pili ni la mama. Asubuhi ile wewe ulikuwa kwenye kona ya njia ukitulindia, hukusikia aliyoniambia. Hakusema nirudi na mkuyu. Alisema nikifika, niupande. Nimeuweka chunguni miaka yote hii kwa sababu sikutaka kukubali kwamba nimefika.

Chumba wape wajukuu, na kitanda waruke juu yake wanavyotaka. Ukienda kaburini, mwambie mama mkuyu umepandwa. Jirani anakusalimu, anasema hilo goti ulikande kwa maji ya moto na uache kupanda ngazi kama msichana.

Sitarudi, mdogo wangu.

Kaka yako